Anayeenda kuuguza wagonjwa, kemia na takwimu za mwaka wa kwanza ni za nini?

#1 MsuliMpya

Salaam wakuu. Naingia mwaka wa kwanza wa uuguzi na ratiba imeshatoka. Nilitarajia vidonda, sindano, wodi. Nilichokuta ni kemia, baiolojia ya seli, fizikia kidogo, takwimu, saikolojia, istilahi za kitabibu, na ile Anatomia na Fiziolojia (maumbile ya mwili na utendaji wake) ambayo kila aliyetangulia anaitaja kwa kushusha sauti. Wodini ni baadaye sana.

Naweka dai langu wazi ili anayetaka kulipinga alipate vizuri: sehemu kubwa ya masomo haya imewekwa kupunguza watu tu. Anatomia naielewa, huwezi kuchoma sindano usipojua neva inapita wapi. Kemia na takwimu sijaona kazi yake kwa mtu atakayekaa pembeni mwa kitanda cha mgonjwa. Aliyepita huko anishawishi kwa mfano. Jibu la "utakuja kuelewa mbele ya safari" nimeshapewa na kila mtu.

#2 Mfupa_wa_207

Nimevuta kiti cha mbele. Waje wenye taaluma zao.

#3 Dripu_na_Dozi

Mfano umeutaka, chukua huu. Chupa ya maji ya chumvi utakayoitundika kila siku imeandikwa 0.9%, maana yake gramu 9 za chumvi katika kila lita. Kwa nini 9? Ukimwingizia mgonjwa maji matupu mshipani, maji yanakimbilia ndani ya seli nyekundu za damu mpaka zinapasuka. Ukimwingizia chumvi kali, maji yanatoka ndani ya seli na zinasinyaa. Hiyo ni osmosi, unaikuta kwenye kemia na kwenye baiolojia ya seli.

Sasa chukua gramu 9 ugawanye kwa 58.44, ambao ni uzito wa gramu wa moli moja ya chumvi (moli ni kipimo cha wakemia cha wingi wa chembe). Unapata 0.154, yaani milimoli 154 za sodiamu kwa lita. Sodiamu ya kawaida kwenye damu ni 135 hadi 145. Sasa unajua kwa nini maji yale yanapita mshipani bila kuharibu seli. Bila kemia unabaki kutundika chupa kwa sababu umeambiwa utundike.

#4 MsuliMpya

Asante mkuu, umeeleza vizuri. Ila hujanishawishi bado. Namba tayari iko kwenye chupa. Kiwanda kimeshapiga hesabu, daktari ameshaandika, mimi natundika. Ni nani anayegawanya kwa 58.44 saa nane usiku?

#5 Shangazi_Muuguzi

Mwanangu, chupa ina namba. Mgonjwa hana namba usoni.

Nikueleze jambo nililolishuhudia. Mama wa makamo, ametapika na kuharisha, misuli imelegea, mapigo ya moyo hayaeleweki. Majibu ya maabara: potasiamu iko chini sana. Daktari akaandika aongezewe. Tulikuwa na mwanafunzi zamu hiyo, akashika kichupa cha potasiamu na bomba la sindano, tayari kumsukumia moja kwa moja mshipani. Aliyemwahi ni muuguzi aliyekuwa jirani. Mwanafunzi alikuwa na nia njema kabisa. Alichokisema ni "si chumvi tu kama ile nyingine?"

Si kama ile nyingine. Sodiamu imejaa nje ya seli, potasiamu imejaa ndani. Ndani ya seli ni karibu milimoli 140 kwa lita, nje kwenye damu ni 3.5 hadi 5.0 tu. Tofauti hiyo ndiyo inayozalisha umeme wa moyo. Ukiongeza potasiamu ya nje kwa ghafla, umeme unavurugika na moyo unaweza kusimama palepale. Ndiyo maana huchanganywa kwenye maji mengi na kupitishwa polepole, mgonjwa akiangaliwa. Kanuni hiyo imeandikwa kwenye kila mwongozo wa wodi, lakini saa ya haraka anayeikumbuka ni yule anayejua sababu yake.

#6 Mpimaji

Natokea maabara. Nyongeza ndogo kwa #3: watu wasiondoke hapa wakidhani maji ya 0.9% ni sawa na damu. Sodiamu 154 inakaribia 140, sawa. Lakini kila chembe ya sodiamu imekuja na kloridi yake, kwa hiyo kloridi nayo ni 154, wakati kwenye damu ni kama 100 hivi. Ukimwaga lita nyingi kwa mgonjwa mmoja, kloridi inapanda na damu inaelekea kwenye asidi. Tunaiona kwenye majibu. Jina la "maji ya kawaida" linapoteza watu.

#7 Dripu_na_Dozi

@Mpimaji sikusema ni sawa na damu, nimesema hayaharibu seli. Hata hivyo hoja ya kloridi ni ya maana, na inanisaidia mimi: hiyo nayo ni kemia.

#8 Mwana_wa_Ukunga

Mimi niko mwaka wa pili, ukunga. Kwangu kilichokuwa kigumu si kemia, ni hesabu za dripu. Tulipewa: lita moja ipite kwa saa 8, ni matone mangapi kwa dakika? Darasa zima lilijibu 125 kwa sababu 1000 gawanya kwa 8 ni 125. Mwalimu alikataa na hakueleza kwa nini.

#9 Bint_Hesabu

Kwa sababu 125 ni mililita kwa saa, na mmeulizwa matone kwa dakika. Hapo katikati kuna hatua mbili: seti yako (mpira wa dripu) inatoa matone mangapi kwa mililita moja, na saa moja ina dakika 60. Kwa seti ya matone 20: mililita 1000 mara 20 ni matone 20,000. Saa 8 ni dakika 480. 20,000 gawanya kwa 480 ni 41.67, unahesabu matone 42 kwa dakika.

Mgonjwa aliyewekewa matone 125 kwa seti hiyo angemaliza lita nzima chini ya saa 3. Mtu mwenye moyo dhaifu, maji hayo yanahamia mapafuni. Ninaposikia mtu anasema hesabu si kazi ya wauguzi napata hofu ya kweli.

#10 Shangazi_Muuguzi

@Bint_Hesabu uko sahihi, ila mtetee na yeye. Kuna seti ndogo inayotoa matone 60 kwa mililita, tunaitumia kwa watoto na kwa dawa zinazohitaji uangalifu. Kwa seti hiyo, mililita kwa saa na matone kwa dakika ni namba ileile, kwa kuwa 60 ya matone na 60 ya dakika zinafutana. Kwa hiyo 125 ni jibu sahihi kwa seti nyingine. Mwalimu alipaswa kuwauliza kwanza "mmeshika seti gani?"

#11 Mwana_wa_Ukunga

Shangazi ubarikiwe. Hilo hatujawahi kuambiwa.

#12 Tabibu_Mstaafu

Nimesoma kuanzia juu. Naona mnambana mleta uzi kwa swali ambalo hakuliuliza. Kijana hakusema kemia haina maana. Anauliza kwa nini anaipewa akiwa mbali na mgonjwa, na hilo ni swali la haki. Lina historia pia.

Mpangilio wa "sayansi kwanza, wodi baadaye" ulipata nguvu baada ya ripoti ya Abraham Flexner ya mwaka 1910. Alizungukia shule za udaktari 155 za Marekani na Kanada, nyingi akazikuta hazina maabara wala hospitali ya kufundishia. Akapendekeza miaka miwili ya sayansi ya maabara, kisha miwili ya kitandani kwa mgonjwa. Mfano huo ukasambaa duniani, na vyuo vya fani nyingine za afya vikauiga kwa namna zao. Kabla yake mtu aliweza kuitwa daktari bila kugusa hadubini, kwa hiyo siubezi.

Lakini tayari mwaka 1952 chuo cha Western Reserve kule Cleveland kilianza kufundisha kwa mifumo ya mwili: moyo kwa pamoja, umbo lake, kazi yake, maradhi yake. Mwaka 1969 McMaster ya Kanada ikaenda mbali zaidi: wanafunzi wachache mezani wakiwa na tatizo la mgonjwa, wanatafuta wenyewe sayansi inayolieleza. Mgonjwa wa Shangazi hapo #5, mwenye potasiamu ya chini, angekuwa somo la kemia la wiki nzima. Hakuna ambaye angeuliza ni ya nini.

Kwa hiyo jibu langu: masomo ni sahihi, mpangilio ndio mbovu.

#13 Neva_ya_Kumi

Mzee Tabibu nakuheshimu, ila hapo napinga. Nilisoma kwa mtindo huo wa matatizo. Nilitoka najua vizuri sana yale matatizo tuliyopewa. Yale ambayo hatukupewa, nilikuwa na mashimo. Hata tafiti zilizolinganisha mitindo hiyo miwili miaka ya 1990 zilikuta wanafunzi wa matatizo wanaifurahia elimu yao zaidi, ila kwenye mitihani ya sayansi ya msingi wakati mwingine walikuwa nyuma kidogo.

Mfano wangu ni jina langu. Neva ya kumi ya kichwa inatoa tawi linaloendesha sauti. Tawi la kushoto halielekei kooni moja kwa moja. Neva inashuka nalo mpaka kifuani, linazunguka chini ya upinde wa aota (mshipa mkubwa unaotoka moyoni), ndipo linapanda kurudi kwenye zoloto, kisanduku cha sauti. Mtu akija na sauti iliyokwaruza kwa wiki nyingi na koo halina shida, aliyesoma anatomia kwa mpangilio atawaza kifua: huenda kuna uvimbe unaobana tawi hilo. Hilo halikuja kwangu kutoka kwa mgonjwa wa mezani. Lilikuja kwa sababu mwalimu mmoja alitulazimisha kuifuata neva nzima, mwanzo hadi mwisho, kwa vidole vyetu kwenye maabara ya anatomia.

Na vidole vina historia. Kwa zaidi ya miaka 1,000 watu walisoma maandiko ya Galen, tabibu wa kale, ambaye mengi aliyachukua kwa kupasua wanyama. Makosa yakarithiwa hadi mwanaanatomia Vesalius alipochapisha kazi yake mwaka 1543, akiwa amepasua miili ya binadamu mwenyewe. Mpangilio na mikono, vyote viwili.

#14 Mfupa_wa_207

@Neva_ya_Kumi kumbe jina lina maana! Mimi jina langu ni kwa sababu mtu mzima ana mifupa 206 na nilikuwa naota wa 207 usiku kabla ya mtihani. Robo ya mifupa yote iko kwenye mikono na miguu, hapo ndipo roho yangu ilipokuwa inatoka.

#15 Mpimaji

Robo imetoka wapi ndugu? Hesabu: kila mkono kuanzia kifundo cha kiganja hadi ncha za vidole ni 27, miwili ni 54. Kila mguu kuanzia kifundo hadi ncha za vidole ni 26, miwili ni 52. Jumla 106. Hiyo ni zaidi ya nusu.

#16 Mfupa_wa_207

Zaidi ya nusu! Basi nilikuwa na haki ya kutolala.

#17 Kalamu_Nyekundu

Nafundisha Anatomia na Fiziolojia ya mwaka wa kwanza, nimefundisha muda mrefu. Mjadala wa mpangilio ni mtamu, ila nawasahihishia karatasi na naona kitu kingine. Wanaoanguka kwangu si wavivu. Wengi wao wanapiga msuli kuliko wanaofaulu. Wanasoma desa (notisi) mara nne, tano, wamelipaka rangi kila mstari, na kwenye mtihani wanaandika nusu sentensi.

Tatizo ni kwamba kusoma tena na tena kunampa mtu hisia ya kujua. Watafiti Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Wanafunzi walisoma matini. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunga karatasi na kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki, waliojipima wenyewe ndio walioongoza. Mwanafunzi wangu anajipima kwa ile hisia ya dakika 5, halafu mimi nampima baada ya miezi.

Ushauri wangu kwa MsuliMpya: funga daftari, chora moyo kwenye karatasi tupu, fuata tone la damu kutoka vena kuu hadi aota, taja kila chumba na kila vali. Ukikwama, hapo ndipo pa kusoma.

#18 ZamuYaUsiku

Mwalimu, kwa heshima zote. Nasoma nikiwa nafanya kazi ya usiku na nina watoto wawili. Ninaposoma desa mara tano ni kwa sababu nasinzia katika zile nne. Ninajua kuchora moyo kwenye karatasi tupu kunasaidia, nimefanya, na inachukua muda mrefu kuliko kusoma. Muda huo sina. Kila mwaka tunaelezwa kwamba mbinu zetu ni mbovu, na hakuna anayeuliza ratiba. Anatomia, kemia na mikrobiolojia ndani ya semista moja, kila moja na maabara yake. Darasani kwetu karibu wote waliopata sapu (mtihani wa marudio) ni watu wenye kazi au familia. Walikuwa na akili kama wengine.

#19 Kalamu_Nyekundu

@ZamuYaUsiku nimekusoma na sikupingi kuhusu ratiba, hiyo haiko mikononi mwangu. Ila kwa mwenye muda mdogo kujipima ndiyo njia ya kuokoa muda. Dakika 10 za kujiuliza maswali ukiwa njiani zinashinda saa nzima ya kusoma ukisinzia.

#20 Neva_ya_Kumi

Kidogo hapo mwalimu. Majaribio ya 2006 yalitumia matini fupi. Fiziolojia ya figo si matini fupi. Figo zinachuja karibu lita 180 kwa siku na mkojo unaotoka ni kama lita moja na nusu. Kuelewa zile nyingine zimerudije kunahitaji mtu akuelezee kwanza, aliyekaa peke yake na karatasi tupu atachora makosa. Kujipima kunafaa kwa kitu ulichokwisha kukielewa.

#21 Mpimaji

Mimi nina maelezo ya tatu, na kwa kweli ndiyo ya mleta uzi mwenyewe: chujio. Mnalikwepa. Nafasi za mafunzo wodini ni chache, wanaotaka ni wengi, na mahali rahisi pa kuwapunguza ni mwaka wa kwanza. Hiyo ripoti ya 1910 anayoisifu Tabibu ilipandisha viwango, ni kweli, lakini shule nyingi zilifungwa baada yake. Shule za udaktari za Wamarekani Weusi zilikuwa 7, alipendekeza zibaki 2, Howard na Meharry, na ndizo zilizobaki. Madaktari ambao hawakuzaliwa kwa sababu hiyo hakuna maabara inayoweza kuwahesabu.

Sisemi viwango vishuke. Nasema mtu akidisko (akiondolewa chuo) kwa kushindwa kemia ya mwezi wa tatu tusikimbilie kusema hakuwa na wito.

#22 Tabibu_Mstaafu

@Mpimaji sikuisifu yote. Ulichosema kuhusu shule zile ni kweli na ni uchungu.

#23 Kalamu_Nyekundu

Kuna walimu wanaojivunia idadi ya walioanguka, siwatetei. Ila chujio si lazima liwe nia ya mtu, linaweza kuwa matokeo ya kufundisha kwa mhadhara mtupu. Mtafiti Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati vyuoni, wakachapisha mwaka 2014. Wanafunzi wa mhadhara mtupu walikuwa na uwezekano wa kuanguka mara 1.5 kuliko wale wanaoshirikishwa darasani kwa maswali na kazi za vikundi. 

#24 MsuliMpya

Wakuu uzi umekuwa mkubwa kuliko nilivyodhani, asanteni. Kwenye kemia nimekubali, potasiamu ya Shangazi imenimaliza. Dripu nimeiandika ukutani. Ila takwimu hakuna aliyeigusa. Kukokotoa wastani wa namba kwenye daftari kunamsaidia nini mgonjwa?

#25 Bint_Hesabu

Nilikuwa nasubiri uulize. Jibu hili kabla sijasema chochote. Ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000. Kipimo hakikosi kumkamata mwenye ugonjwa. Lakini kati ya wasio na ugonjwa, kinawasingizia 5 katika kila 100. Mtu ametoka mtaani bila dalili yoyote, amepimwa, majibu ni chanya. Uwezekano kwamba anaumwa kweli ni asilimia ngapi?

#26 Mfupa_wa_207

95.

#27 Mwana_wa_Ukunga

95, au chini kidogo ya hapo. 90?

#28 Dripu_na_Dozi

Najua ni mtego lakini nasema 50.

#29 Bint_Hesabu

Ni kama asilimia 2. Chukua watu 1,000. Mmoja anaumwa, kipimo kinamkamata. Waliobaki ni 999, asilimia 5 yao ni kama 50, wanasingiziwa. Chanya zote ni 51, mgonjwa wa kweli ni mmoja.

Msijisikie vibaya. Mwaka 1978 watafiti waliuliza swali la namna hii kwa watu 60 kwenye hospitali za kufundishia za Harvard, wanafunzi na madaktari. Waliojibu 2 walikuwa 11. Jibu lililotajwa zaidi lilikuwa 95, kama la @Mfupa_wa_207.

Sasa @MsuliMpya, fikiria wewe ndiye unayempa mtu yule karatasi yake ya majibu. Analia mbele yako. Ukiamini ni 95 utamwambia maneno gani? Na ukijua ni 2, kwamba kinachofuata ni kipimo cha kuthibitisha, utamwambia maneno gani? Ndiyo takwimu hiyo.

#30 Mpimaji

Nakazia, na kuna upande wa pili. Hiyo 2 ni kwa mtu asiye na dalili, kwenye ugonjwa adimu. Akija mtu mwenye dalili zote, uwezekano wa mwanzo si tena 1 kwa 1,000, na chanya ileile inakuwa na uzito mkubwa. Ndiyo maana maabara tunapenda muandike dalili kwenye fomu. Fomu zikija tupu, tunatoa namba ambayo hakuna anayejua iaminiwe kiasi gani.

#31 Shangazi_Muuguzi

Mmenena. Niseme na la saikolojia na mawasiliano, maana wanafunzi huyaita masomo ya kupumzikia. Mgonjwa anayekubali kwa kichwa kila unachomweleza si lazima ameelewa. Mwombe akueleze kwa maneno yake atakunywaje dawa, ndipo utajua. Hilo linafundishwa kwenye kozi ya mawasiliano, nimeona wengi wakilipita kwa kukariri. Mtihani wa kuingia shule za udaktari Marekani, MCAT, tangu mwaka 2015 una sehemu nzima ya saikolojia na jamii. Walioiweka hawakuwa wanatafuta mapumziko.

Na istilahi msizidharau. Haipoglisemia na haipaglisemia zinatofautiana kwa herufi moja, na matibabu yake yanakinzana. Mmoja anahitaji sukari upesi, mwingine sukari imemzidi.

#32 ZamuYaUsiku

Nimefuatilia yote na bado swali langu la ratiba limepita pembeni. Mpangilio wa Tabibu, mbinu za mwalimu, chujio la Mpimaji, vyote vinaweza kuwa kweli na mimi bado nikawa na saa chache. Wenye mamlaka wangeruhusu tu kuigawa Anatomia na Fiziolojia kwa mwaka mzima badala ya semista moja, nusu ya waliodisko kwetu wangekuwepo leo.

#33 Neva_ya_Kumi

Hilo naliunga mkono bila masharti. Hata neva moja inahitaji muda wa kuifuata.

#34 MsuliMpya

Swali la mwisho kabla sijafungua chuo. Nina wiki kadhaa mkononi. Nianze na nini?

#35 Dripu_na_Dozi

Kemia. Moli, myeyuko, asidi na besi. pH (kipimo cha asidi) ya damu ni 7.35 hadi 7.45, anza hapo ujue kwa nini nafasi ni finyu kiasi hicho.

#36 Bint_Hesabu

Hesabu za dozi. Gramu, miligramu, maikrogramu. Kila hatua ni mara 1,000, na kosa la hatua moja ni dozi mara 1,000. Jizoeze mpaka usihitaji kufikiri.

#37 Kalamu_Nyekundu

Moyo. Karatasi tupu, kama nilivyosema #17.

#38 Tabibu_Mstaafu

Mimi ningekutuma ukakae na mgonjwa. Mwombe anayekubali akusimulie ugonjwa wake tangu ulipoanza, usikilize bila kumkatiza. Maswali utakayotoka nayo yatakuambia usome nini kwanza.

#39 Kalamu_Nyekundu

@Tabibu_Mstaafu akitoka hapo bila msingi atakuwa na maswali mia na hajui hata moja linaingia somo gani.

#40 Tabibu_Mstaafu

Afadhali mia yasiyo na somo kuliko masomo saba yasiyo na swali. Tutaendelea kubishana hili mwalimu, mimi nawe.

#41 Mwale_wa_Kijani

Samahani kuingilia, mimi naanza radiografia. Fizikia kwetu ni somo zima, si "kidogo" kama kwa mleta uzi. Kuna mwenye mfano wa namna hii wa kunishikiza?

#42 Mpimaji

Ukisimama umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo cha mionzi, unachopokea kinabaki robo. Ukisimama mara tatu, sehemu moja ya tisa. Hatua moja nyuma inakulinda kuliko unavyodhani, na utaipiga hatua hiyo kila siku ya kazi yako. Fungua uzi wako, tutakuja huko.